EC Iliyopanda Baada ya Mionzi: Uchambuzi wa Mfuko Mmoja wa Udongo

Mfuko wa udongo tifutifu, kilo tano, umepelekwa kwenye chumba cha mionzi ya gama ili vijidudu vyote vife kabla ya jaribio la mimea. Chanzo ni Kobalti-60, dozi ni kilogrei 50 (kGy), kasi ni kGy 5 kwa saa, kwa hiyo saa kumi ndani ya chumba. Mfuko uliporudi ulikuwa umevimba kidogo, una joto mkononi, na matone ya maji yameganda upande wa ndani wa plastiki. Kipima EC, yaani kipima uwezo wa udongo kupitisha umeme, kikachomekwa moja kwa moja kwenye udongo, kikaonyesha desisimenzi 0.205 kwa mita (dS/m). Mfuko mwenzake, ambao ulibaki kwenye friji ya maabara, ulikuwa umesoma 0.110. Ongezeko la asilimia 86. Kwenye ripoti ikaandikwa sentensi moja: mionzi imeayonisha udongo, ndiyo maana unapitisha umeme zaidi.

Sentensi hiyo inaingia akilini upesi kwa sababu ya jina lenyewe. Mionzi ayonisha hutengeneza ayoni (atomu au molekuli zenye chaji), ayoni hupitisha umeme, basi hesabu imekwisha. Lakini ayoni zinazozaliwa na mionzi si hizo zilizosogeza kipimo, na sehemu kubwa ya ile asilimia 86 si ya mionzi hata kidogo. Tutaipasua namba hiyo kipande kwa kipande. Vipimo vya kisa hiki vimepangwa kama mfano ili hesabu ifuatike; vigezo vya fizikia na kemia vilivyotumika ni vya kawaida vya vitabuni.

Ayoni za mionzi zinaishi muda gani?

Udongo huu una maji gramu 20 kwa kila gramu 100 za udongo mkavu. Mwale wa gama ukipita humo, unang'oa elektroni kwenye molekuli. Kwenye maji, kila juli ya nishati inayofyonzwa huzaa takribani mikromoli 0.28 za elektroni iliyozungukwa na maji, kiasi hicho hicho cha haidroniamu (ayoni chanya ya maji, H₃O⁺), na mikromoli 0.28 za radikali ya haidroksili. Kasi ya kGy 5 kwa saa ni sawa na grei 1.39 kwa sekunde, na grei moja ni juli moja kwa kilo. Basi kila sekunde, kila kilo ya maji inapata elektroni mikromoli 0.39 hivi.

Kwa sekunde moja hicho si kidogo. Tatizo ni kwamba elektroni hiyo haikai. Maji yenye hewa yana oksijeni kama milimoli 0.25 kwa lita, na oksijeni huinyakua elektroni kwa kasi kubwa mno, kiasi kwamba umri wake ni sehemu ya tano ya mikrosekunde. Nitrati nayo huinyakua, kwa karibu nusu ya kasi hiyo. Zidisha kasi ya kuzaliwa kwa umri: zinazokuwa hai kwa wakati mmoja ni kama moli 8 × 10⁻¹⁴ kwa lita. Ukizipa elektroni na haidroniamu wenzake uwezo wao wote wa kubeba chaji, mchango wao ni kama mikrosimenzi 4 × 10⁻⁸ kwa sentimita. Maji ya udongo yenyewe yana mamia ya mikrosimenzi, mara nyingi zaidi ya elfu. Yaani mchango wa ayoni za mionzi, huku mwale ukiwa bado umewaka, haufiki hata sehemu moja ya bilioni. Mwale ukizimwa, umekwisha kabla mlango wa chumba haujafunguliwa.

Hali hubadilika kwenye kitu kikavu kabisa, kama mchanga wa kwazi uliookwa au plastiki ya kuhami waya. Hapo upitishaji wa kuanzia uko karibu na sifuri, na mionzi inaweza kuuongeza ukaonekana wazi. Ndiyo sababu anayejaribu kupima EC akiwa ameacha kihisio ndani ya chumba cha mionzi anaweza kupata mkondo wa ajabu unaotoka kwenye waya wake mwenyewe wala si kwenye udongo. Udongo mbichi hauko kwenye kundi hilo.

Jambo moja la kuwatoa hofu wanaoshika mfuko: gama za Kobalti-60 zina nishati ya MeV 1.17 na 1.33, chini ya kiwango cha kung'oa nyutroni hata kwenye viini legevu kabisa kama vya beriliamu na dyuteriamu. Udongo hautoki ukiwa na mionzi yake mpya.

Joto lachukua sehemu yake kwanza

kGy 50 ni kilojuli 50 kwa kila kilo. Udongo wenye unyevu huu unahitaji kilojuli 1.4 hivi kupandisha kilo moja kwa digrii moja. Kama joto lote lingebaki ndani, mfuko ungepanda digrii 35. Saa kumi ni nyingi na joto jingi hupotea, lakini mifuko iliyopangwa ikabanana ndani ya katoni hutunza joto. Mfuko wetu ulikuwa na nyuzi joto 36 wakati wa kupimwa. Ule wa ulinganisho, baada ya kutolewa friji, ulikuwa 22.

EC hupanda takribani asilimia 1.9 kwa kila digrii, na kipimo hulinganishwa kwa kurudishwa kwenye nyuzi 25. Kipima EC kilichotumika kilikuwa na marekebisho ya joto yaliyozimwa, kigezo kikiwa asilimia 0, jambo linalotokea mara nyingi zaidi ya linavyokiriwa. Tukirekebisha kwa mkono:

Mfuko wa ulinganisho: 0.110 ÷ 0.943 = 0.117 dS/m.
Mfuko wa mionzi: 0.205 ÷ 1.21 = 0.169 dS/m.

Asilimia 86 imeshuka ikawa 45. Karibu nusu ya "athari ya mionzi" ilikuwa udongo wenye joto. Na hata kama marekebisho yangekuwa yamewashwa, kihisio cha joto hukaa ndani ya mwili wa kifaa. Ukikichomeka na kusoma baada ya sekunde kumi, kinarekebisha kwa joto la meza, si la udongo. Kiache dakika tatu au zaidi mpaka namba itulie. Njia iliyo bora ni kuacha mifuko yote ilale usiku mmoja chumba kimoja kabla ya kugusa chochote.

Kuna ubaya mwingine wa kuchomeka kifaa mfukoni. Kinachopimwa hapo ni upitishaji wa udongo mzima: maji, uso wa mfinyanzi, na hewa iliyo kati ya chembe. Ukiubana mfuko kidogo, EC inapanda bila chumvi hata punje kuongezeka. Yale matone upande wa ndani wa plastiki yanasema kwamba maji yamehama kutoka katikati kwenda pembeni. Mfuko haukupoteza uzito, kwa hiyo maji hayakutoka, yamehama tu. Lakini kihisio kilichochomekwa pembeni kitasoma zaidi ya kilichochomekwa katikati. Kwa swali letu, kipimo hicho hakifai. Kinachofaa ni kimiminika cha 1:5, yaani sehemu moja ya udongo mkavu kwa sehemu tano za maji.

Kipimo cha 1:5 kwa namna isiyobishaniwa

Pima gramu 12.0 za udongo mbichi. Kwa unyevu wa asilimia 20, hizo ni gramu 10 za udongo mkavu na gramu 2 za maji. Ongeza mililita 48 za maji yaliyoondolewa ayoni ili jumla ya maji iwe 50. Wengi husahau zile gramu 2, na hapo kosa lao ni la asilimia 4. Kwa udongo uliouliwa vijidudu, maji na chupa vipitishwe kwanza kwenye otoklevu (chungu cha mvuke wenye shinikizo); udongo huu umejaa chakula na hauna mwenye kukila, bakteria wachache wakiingia watastawi na kubadilisha kipimo chini ya siku mbili.

Tikisa kwa saa moja, acha itulie nusu saa, pima kwenye maji ya juu bila kugusa tope, kwenye nyuzi 25. Kifaa kikaguliwe kwa kloridi ya potasiamu ya moli 0.010 kwa lita, isome mikrosimenzi 1413 kwa sentimita (µS/cm; 1000 zake ni 1 dS/m), kisha kwa ya moli 0.001, isome 147. Ya pili ni muhimu zaidi hapa, kwa kuwa sampuli zetu zinaangukia karibu na namba hiyo. Maji matupu yaliyokaa wazi yatasoma kama 1 µS/cm kwa ajili ya kaboni dioksidi ya hewani. Yakisoma 5, badilisha maji kabla ya kulaumu udongo.

Sasa ulinganisho. Mfuko uliobaki kwenye friji kwa nyuzi 4 si mwenzake wa mfuko uliosafiri siku kadhaa kwenye joto. Vijidudu vilivyo hai havilali: vinageuza amoniamu kuwa nitrati, na tindikali inayotokana nayo husukuma kalsiamu itoke kwenye mfinyanzi. EC inapanda bila mionzi. Kwa hiyo mifuko ilipaswa kuwa minne, yote imetoka kwenye lundo moja lililochanganywa na kuchekechwa kwa wavu wa milimita 2:

A, uliokaa friji: 141 µS/cm.
B, uliosafiri kwenda na kurudi bila kuingia chumbani: 147.
C, uliosafiri kisha ukawekwa nyuzi 36 kwa saa kumi: 148.
D, uliopigwa kGy 50: 219.

Kwa kulinganisha na A, mionzi ingepewa sifa ya 78. Kwa kulinganisha na C, ambao umepitia yote isipokuwa mwale, ni 71. Hiyo 71 ndiyo mali halali ya mionzi, na ndiyo tutakayoifafanua. Ni asilimia 48 juu ya C. Kifaa kilichochomekwa kwenye mfuko kilisema asilimia 45 kwa kulinganisha na A, wakati kimiminika dhidi ya A kinasema 55; pengo hilo linatarajiwa, kwani uso wa mfinyanzi hupitisha umeme kiasi chake bila kujali chumvi ya maji, na hivyo hupunguza makali ya badiliko.

71 imetoka wapi?

Kanuni ya mkononi: milimoli moja ya chaji kwa lita hutoa karibu 100 µS/cm. Kwa hiyo 71 ni kama milimoli 0.65 hadi 0.7 za chaji kwa lita ya kimiminika, au karibu 3.4 kwa kilo ya udongo. Hiyo ni chumvi halisi. Ilikuwa imefungwa mahali, mionzi ikaifungulia.

Amoniamu ndiyo kinara. Iliyopimwa kwa kloridi ya potasiamu ilikuwa miligramu 6 za nitrojeni kwa kilo kwenye C, na 34 kwenye D. Tofauti ya 28 ni milimoli 2.0 kwa kilo, yaani 0.40 kwa lita ya kimiminika. Amoniamu ina uwezo wa kupitisha umeme wa 73.5 µS/cm kwa kila milimoli ya chaji kwa lita, na bikabonati inayoandamana nayo ina 44.5, jumla 118. Mara 0.40, tunapata 47 µS/cm.

Hapa mtaalamu wa udongo atainua mkono: amoniamu haibaki majini, inashikwa na mfinyanzi. Ni kweli, lakini mfinyanzi haumpokei mgeni bila kumtoa mwenyeji. Ikiingia amoniamu inatoka kalsiamu au magnesiamu, na chaji iliyo majini inabaki ile ile kwa sababu bikabonati haina pa kushikwa. Kalsiamu ikichukua nafasi yote, 118 inakuwa 104, na mchango unashuka kutoka 47 hadi 42. Anayeamua kiasi cha chumvi majini ni anioni, yaani ayoni yenye chaji hasi. Na hii ndiyo sababu udongo wenye tindikali kali hujibu tofauti: huko amoniamu hubadilishana na haidrojeni na aluminiamu, bikabonati inaishia kuwa kaboni dioksidi na maji, pH inapanda kidogo, na EC haipandi kwa kiwango kile. Udongo wa kisa hiki una pH 7.1. Ukirudia jaribio kwenye udongo wa pH 4.5 usishangae amoniamu ikipanda sawasawa huku EC ikisita.

Potasiamu, ambayo seli hai huitunza kwa wingi, imeongezeka miligramu 20 kwa kilo: milimoli 0.10 kwa lita, mchango 12 µS/cm. Manganisi imeongezeka miligramu 5, kwa sababu elektroni na viumbehai vilivyovunjika huigeuza oksidi yake ngumu ikawa ayoni inayoyeyuka: mchango 3.6 tu, ingawa kwa mmea hiyo ndiyo inayoweza kuuma. Jumla ni 63 tukihesabu amoniamu kwa 47. Zinazobaki 8 ni eneo la tindikali nyepesi za kikaboni na makosa ya vipimo vitatu vilivyojumlishwa. Hakuna haja ya kuzitafutia mhusika wa ajabu.

Nitrati ni habari nyingine kabisa. Elektroni zinaigeuza kuwa nitriti, na kwa kGy 50 kilo ya maji hupata elektroni hadi milimoli 14. Kwenye maji ya kilo moja ya udongo wetu ni milimoli 2.8, kiasi cha kutosha kabisa kubadilisha nitrati nyingi kama elektroni zisingekuwa na wanyakuzi wengine. Lakini EC hainusi badiliko hilo. Uwezo wa nitrati ni 71.4, wa nitriti 71.8, chaji ni moja. Anayetegemea EC peke yake atasema hakuna kilichotokea, wakati mimea yake inapandwa kwenye nitriti. Pima nitriti siku ya kwanza.

Mshukiwa mwingine alikaguliwa na kuachiwa: chombo. Mifuko ya PVC ikipigwa mionzi hutoa asidi ya haidrokloriki, na kloridi yake huingia kwenye udongo moja kwa moja. Ukiona kloridi imepanda na amoniamu haijapanda, usitafute mbali, angalia lebo ya mfuko. PTFE (plastiki ya Teflon) nayo huvunjika na kutoa floridi. Kisa hiki kilitumia polithini na kloridi haikusogea. Chupa za kioo hazina tatizo la chumvi la kuhangaisha, isipokuwa hugeuka rangi ya kahawia na mtu asiyejua hudhani sampuli imeungua.

Kifo au kuvunjwa?

Mionzi inaweza kutoa chumvi kwa njia mbili. Moja, inaua vijidudu, seli zinavuja. Mbili, inavunja mabaki ya viumbehai moja kwa moja: asidi amino zinapoteza kundi lao la amini, minyororo mirefu inakatika. Kutenganisha njia hizi si lazima kwa kila kazi, lakini asiyezitenganisha hawezi kutabiri dozi nyingine itafanya nini.

Dalili iko kwenye umbo la mchoro. Kifo kina mwisho: kuvu na wanyama wadogo hufa karibu na kGy 10, bakteria wengi karibu na 20, ingawa wachache sugu wanahitaji hadi 70. Aliyekufa hafi mara ya pili. Uvunjaji wa kemia hauna mwisho huo, unaendelea na dozi. Vifuko vidogo vya udongo ule ule vilionyesha ongezeko hili juu ya C:

kGy 10: 31
kGy 25: 48
kGy 50: 71
kGy 75: 94

Kuanzia 25 mstari umenyooka, 0.92 µS/cm kwa kila kilogrei. Ukiuvuta kurudi nyuma hadi dozi ya sifuri, unakata kwenye 25. Basi kwa kGy 50, karibu 25 ni za kifo na 46 ni za kuvunjwa. Kwenye kGy 10 mstari ungetabiri 34, kipimo kimesema 31: mauaji yalikuwa hayajakamilika. Jaribio la pembeni linathibitisha: udongo wa C uliofukizwa klorofomu kwa saa 24, kisha klorofomu ikatolewa kwa pampu, uliongeza 22. Klorofomu huua bila kuvunja kemia ya udongo, hivyo ni shahidi mzuri wa njia ya kwanza peke yake.

Hii inatoa somo la kupanga kazi. Anayeongeza dozi kutoka 25 hadi 50 "kwa usalama tu" hapati kifo maradufu. Anapata chumvi zaidi. Na ndani ya mfuko mmoja dozi haiwi sawa. Udongo mbichi wa msongamano wa gramu 1.2 kwa sentimita ya ujazo hupunguza nusu ya mwale mwembamba wa Kobalti-60 kwa kila sentimita 10 hivi. Mfuko wetu una unene wa sentimita 12, ukageuzwa katikati ya muda, na vipima-dozi vya alanini vikawekwa katikati na pande zote mbili: dozi ndogo kabisa ilikuwa 50, kubwa kabisa 57. Tofauti hiyo ya kGy 7 ni 6 µS/cm kati ya kijiko kilichochotwa katikati na kilichochotwa pembeni. Mimina mfuko wote kwenye beseni safi, changanya, ndipo uchote. Mfuko usiogeuzwa ungekuwa na hali mbaya zaidi, na hapo mabishano kuhusu 71 yasingekuwa na maana yoyote.

Ugomvi wa wiki ya pili

Siku ya kumi na nne mtu mwingine alipima D tena, akapata 251. Ikadhaniwa mmoja kati yao amekosea. Hakuna aliyekosea.

Mionzi inaua seli lakini haiui vimeng'enya vyote. Protini iliyoshikamana na mfinyanzi au mboji huvumilia dozi ambayo DNA haiwezi kuvumilia. Yureasi na vimeng'enya vinavyokata protini vinaendelea na kazi kwenye udongo wenye maiti tele, amoniamu inazidi kutoka, na wale ambao wangeigeuza nitrati hawapo. Ni kiwanda kilichobaki na mashine za mwanzo wa mstari bila za mwisho. Kifuko cha D kilichokaa nyuzi 25 kilipanda hadi 251. Kingine kilichokaa nyuzi 4 kilifika 224 tu. Tofauti hiyo ya joto ndiyo ushahidi kwamba ni kazi ya vimeng'enya, si mabaki ya mionzi "yaliyobaki ndani".

Kwa hiyo EC ya udongo uliopigwa mionzi bila tarehe na joto la hifadhi ni namba isiyo na kichwa wala mkia. Chagua siku, iwe ya pili au ya kumi na nne, na ushikilie hiyo kwa sampuli zote. Ukihifadhi, hifadhi kwa nyuzi 4.

Je, EC inaweza kutambua ardhi iliyochafuka kwa mionzi?

Swali hili hufuata kila mara, na jibu ni hapana. Baada ya ajali ya Chernobyl ya 1986, maeneo yaliyochafuka zaidi yaliainishwa kwa kiwango cha zaidi ya kilobekereli 1480 za Sizi-137 kwa mita ya mraba. Gramu moja ya Sizi-137 ina terabekereli 3.2 hivi. Gawanya: mita nzima ya mraba ina kama mikrogramu 0.46 za sizi hiyo. Sentimita kumi za juu za mita hiyo ni kilo 130 za udongo. Hata sizi yote ingeyeyuka, na haiyeyuki kwa sababu madini kama ilaiti huishika kwa nguvu, hakuna kipima EC duniani kingeiona. Dozi nayo ni ndogo: mikrogrei 10 kwa saa kwa miaka 30 ni grei 2.6, ukilinganisha na grei 50,000 za mfuko wetu. Kwa kazi hiyo chukua kipima mionzi.

Kwa mmea, 71 ni kubwa au ndogo?

Ukiitazama peke yake ni ndogo. Kwa udongo tifutifu, EC ya 1:5 huzidishwa kwa takribani 9.5 kupata EC ya maji yanayokamuliwa kwenye udongo ulioloweshwa mpaka ukashiba, ambayo ndiyo hutumika kwa mimea. C inakuwa 1.4 dS/m, D inakuwa 2.1. Udongo huitwa wa chumvi kuanzia 4, kwa hiyo wote wawili wako salama kwa jina.

Mimea haisomi jina. Kizingiti cha mahindi ni 1.7 dS/m, kikipitwa mavuno hupungua asilimia 12 kwa kila dS/m. Kizingiti cha maharage ni 1.0, na makali yake ni asilimia 19. Mahindi kwenye C hayapotezi kitu, kwenye D yanapoteza kama asilimia 5. Maharage yanapoteza 8 kwenye C na 21 kwenye D. Jaribio lililopangwa kuonyesha kwamba "bila vijidudu mmea hudumaa" linaweza kuwa limeonyesha chumvi, ukiacha kando amoniamu na manganisi. Otoklevu haikwepi shimo hili. Kwa kawaida huchafua kemia ya udongo zaidi ya gama.

Tiba yake ni mfuko wa tano. Chukua udongo wa C, usiopigwa mionzi, uuongezee chumvi mpaka EC yake ilingane na ya D. Kloridi ya kalsiamu yenye maji mawili inafaa: kalsiamu na kloridi zina jumla ya 136 kwa kila milimoli ya chaji, kwa hiyo 71 µS/cm zinahitaji milimoli 0.52 kwa lita, sawa na 2.6 kwa kilo, sawa na miligramu 190 za chumvi kwa kila kilo ya udongo mkavu. Kwa chumvi iliyoyeyuka kiasi hiki uwezo halisi huwa chini kidogo ya ule wa vitabuni, hivyo namba itapungukiwa asilimia chache. Yeyusha miligramu 190 kwenye maji kidogo, nyunyizia huku unachanganya, acha siku moja, pima 1:5, ongeza 10 au 15 ikibidi. Mmea ukidumaa kwenye mfuko huu sawa na kwenye D, mhusika ni chumvi. Ukistawi hapa na kudumaa kule, rudi kwenye karatasi ya amoniamu, nitriti na manganisi kabla hujagusa hoja ya vijidudu.